Kanada na wenyeji wa asili: mambo 94 yaliyoahidiwa, yametekelezwa mangapi kweli? (uzi mrefu, hasa kwa tuliokula kiapo)

#1 mzaramo_wa_winnipeg

Wakuu salamu zenu. Kila ikifika tarehe 30 Septemba huku Kanada kwenye magrupu yetu ya Waswahili lazima utakuta mtu anauliza "leo sikukuu ya nini mbona shule zimefungwa", mwingine anashukuru tu kapata siku ya kulala, mtoto kavalishwa tisheti ya rangi ya chungwa na mzazi hajui kwanini. Hili jambo linaniuma, sitaficha, kwasababu wengi wetu tumeshakula kiapo cha uraia na ndani ya kile kiapo kuna maneno yanayowataja hawa wenyeji. Kwaiyo leo naandika mrefu, mwenye chai aichukue. Swali langu ni moja tu, serikali ya Kanada iliahidi kupatana na wenyeji wa asili, je imefika wapi? Hotuba tuziweke pembeni, naongelea vitendo.

Kwa ambao hawajui. Wenyeji wa asili huku wapo makundi matatu, kuna Mataifa ya Kwanza ambao wenyewe ni makabila mengi (Cree, Anishinaabe, Haida, Mohawk na wengine wengi), kuna Inuit wa kaskazini kabisa kwenye barafu, na kuna Métis ambao ni uzao wa wenyeji na wazungu wa ile biashara ya manyoya. Kuanzia miaka ya 1880 serikali ikawa inagharamia shule za bweni na makanisa ndo yanaziendesha, Katoliki, Anglikana, United, Presbyterian. Lengo lilikuwa kumtoa mtoto kwa wazazi wake mpaka asahau yeye ni nani. Watoto zaidi ya 150,000 wamepita humo. Nywele zinakatwa, lugha ya mama ukiiongea unachapwa, wengine walifanyiwa mambo ambayo hata kuandika hapa nashindwa, na kuanzia 1920 sheria ikasema mzazi anayemficha mtoto anashtakiwa. Za mwisho zimefungwa miaka ya 1990 jamani, juzi tu. Yani mtu aliyelala kwenye yale mabweni leo unapanda nae basi moja asubuhi, ana miaka arobaini na kitu.

Waliosoma humo wakaenda mahakamani, ikaja makubaliano ya 2006, kila mtu dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza aliosoma humo na 3,000 kwa kila mwaka unaofuata, waliodhulumiwa zaidi wakawa na utaratibu wao mwingine. Tarehe 11 Juni 2008 waziri mkuu Stephen Harper akasimama bungeni akaomba radhi. Ikaundwa Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Murray Sinclair, jaji Muanishinaabe wa hapahapa Manitoba (amefariki Novemba 2024, Mungu amrehemu), ikazunguka nchi nzima ikasikiliza mashahidi zaidi ya 6,500. 2015 ikasema wazi kwamba yaliyofanyika ni mauaji ya kimbari ya utamaduni, ikatoa mambo 94 ya kutekelezwa.

Sasa hesabu ndo inagombana hapo. Serikali kuu inasema kati ya hayo 94 yanayoihusu yenyewe, peke yake au ikishirikiana na wengine, ni 76, na zaidi ya asilimia 85 ya hayo "yamekamilika au yanaendelea vizuri". Ukisoma haraka unasema mashallah. Lakini kuna taasisi ya watafiti wenyeji inaitwa Yellowhead Institute, walikuwa wanatoa hesabu kila mwaka, Desemba 2023 wakasema yaliyokamilika ni 13 tu kati ya 94 na kwa mwaka huo mzima wa 2023 halijakamilika hata moja, na wakasema wanaacha kuhesabu maana haina maana kuendelea kuandika ripoti ileile. Asilimia 85 na mambo 13! Tofauti yote imejificha kwenye hilo neno "yanaendelea". Barabara ya kijijini kwetu ilikuwa "inaendelea" tangu niko darasa la tatu.

Na ukiangalia yale yaliyokamilika utaona mpangilio. Sikukuu ya tarehe 30 Septemba, 2021, imekamilika. Kiapo cha uraia kimeongezwa maneno, 2021, kimekamilika. Uchunguzi wa kitaifa wa wanawake wenyeji waliouawa na waliopotea, umefanyika ukaisha 2019 (ukaacha miito mingine 231 ambayo nayo inasubiri). Yani yale ambayo unasaini karatasi au unatangaza, yamepita. Yale ya hela, ya mamlaka, ya kumwacha mwenyeji aamue mwenyewe, hayo ndo "yanaendelea".

Karibuni, naomba tuchangie kwa heshima.

#2 msafiri254

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi niko Nakuru na nimekuwa nikifuatilia hii maneno ya Kanada juu ya Ogiek wetu, wenyeji wa asili wa msitu wa Mau hapa. Sisi Kenya pia tulikuwa na tume, TJRC (ya ukweli, haki na maridhiano), ripoti ikakabidhiwa rais Mei 2013 alafu ikaingia bunge ikakwama huko, mpaka 2015 Uhuru akaomba msamaha na akatangaza shilingi bilioni 10 za waathiriwa lakini wazee wameendelea kungoja. Ogiek nao walishinda kule Mahakama ya Afrika Arusha Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na warudishiwe ardhi yao kwa hati, alafu Novemba 2023 wakaona nyumba zinabomolewa msituni.

Kwaiyo swali langu kwako, huko angalau kuna mtu anahesabu. Je hiyo kuhesabu imesaidia? Ama ni karatasi tu?

#3 mzaramo_wa_winnipeg

@msafiri254 kaka swali zuri sana. Imesaidia, ndio, lakini sio kwa njia ninayoipenda. Serikali huku haisogei kwasababu imehesabiwa, inasogea ikipelekwa mahakamani. Chukua suala la watoto ambalo ndo namba 1 kabisa kwenye yale 94, Sinclair na wenzake waliliweka juu makusudi.

2007 mama mmoja anaitwa Cindy Blackstock, Mgitxsan, pamoja na muungano wa machifu walipeleka malalamiko kwamba serikali inawapa watoto wa kwenye rizevu (ardhi iliyotengwa kwa Mataifa ya Kwanza) pesa kidogo kuliko watoto wengine, ndo maana wanachukuliwa na kupelekwa kwenye familia za kulelea. Serikali ikapigana miaka. Januari 2016 Tribunali ya Haki za Binadamu ikasema ndiyo, huu ni ubaguzi. Bado serikali ikakata rufaa hapa na pale, wakati huohuo viongozi wanatoa hotuba za maridhiano. Mwisho Oktoba 2023 mahakama ikapitisha fidia ya dola bilioni 23 na kitu, kubwa kuliko zote katika historia ya nchi hii.

Sasa angalia sensa ya 2021: watoto wenyeji ni asilimia 7.7 ya watoto wote wa chini ya miaka 15, lakini kwa wale walioko kwenye malezi ya serikali ni asilimia 53.8. Zaidi ya nusu. Shule za bweni zimefungwa lakini mtoto bado anatolewa kwao. Hiyo takwimu mimi ndo kipimo changu, nikisikia waziri anaongelea maridhiano naiangalia hiyo kwanza.

#4 mama_watatu_edmonton

Ahsante kaka umenifungua macho. Wanangu wanakuja na hizo tisheti kila mwaka na mimi nanunua tu. Naomba uelezee kuhusu tisheti kwa sisi wazazi.

Alafu niseme jambo kama Mkatoliki. Papa Francis alivyokuja Julai 2022 alifika Maskwacis, ni kama saa moja kusini mwa hapa Edmonton, kwenye eneo lililokuwa na shule ya bweni ya Ermineskin, akaomba msamaha. Kwetu kanisani watu walilia, mimi mwenyewe nililia. Lakini kuna bibi mmoja Mcree tunasali nae aliniambia mwanangu, msamaha nimeupokea, ila faili zangu ziko wapi? Nilikuwa sijui anaongelea nini. Kumbe wanatafuta kumbukumbu, madaftari ya shule, majina ya watoto waliokufa, na mengine yako kwenye nyumba za mashirika ya kitawa. Na kwenye yale makubaliano ya 2006 upande wetu Katoliki ulitakiwa kujitahidi kuchangisha milioni 25, ikapatikana chini ya milioni 4 wakaachiliwa, ndo baadae 2021 maaskofu wakaahidi milioni 30. Nalipenda kanisa langu na kwasababu nalipenda nasema tulipaswa kuona aibu mapema.

#5 mzaramo_wa_winnipeg

@mama_watatu_edmonton dada yangu asante, tena swali la huyo bibi lingetakiwa kuwa kichwa cha uzi huu.

Tisheti: mama mmoja anaitwa Phyllis Webstad kutoka British Columbia, 1973 ana miaka sita, bibi yake akamnunulia nguo mpya ya rangi ya chungwa kwa ajili ya siku ya kwanza ya shule. Kafika shule ya misheni ya St. Joseph karibu na Williams Lake wakamvua wakaichukua, hakuirudishiwa tena. Alivyosimulia hadharani 2013 ikawa harakati, watoto wakaanza kuvaa, na mwisho ikaungana na hii sikukuu. Mwambie mwanao hiyo stori kwa Kiswahili kabla hajaivaa, ataielewa vizuri tu, watoto wanajua maana ya kunyang'anywa nguo ya sikukuu.

#6 mchapakazi_ON

Mkuu nimesoma yote, naheshimu mchango wako ila nitakuwa mkweli. Mimi nimekuja Kanada nimekuta haya mambo, sikumchukua mtoto wa mtu, babu yangu alikuwa analima korosho Newala chini ya mkoloni. Kwanini kodi yangu ilipe mabilioni? Na hawa wenzetu si hawalipi kodi na wanapewa kila kitu bure? Naomba nieleweshwe sio nishambuliwe.

#7 mzaramo_wa_winnipeg

@mchapakazi_ON hakuna wa kukushambulia kaka, hilo swali liko vichwani mwa wengi na wengi hawaulizi.

La kodi kwanza maana ni jepesi. Inuit na Métis wanalipa kodi kama mimi na wewe. Wenye msamaha ni wale wa Mataifa ya Kwanza waliosajiliwa kisheria, na ni kwa kipato au mali iliyoko ndani ya rizevu. Anayefanya kazi mjini, na ni wengi sana wako mjini, anakatwa kama kawaida. Na hicho "kila kitu bure" ni mkataba. Hapa Winnipeg tuko chini ya Mkataba namba 1 wa 1871. Waliotoa ardhi hii ya sehemu ya kusini mwa Manitoba waliahidiwa pamoja na mambo mengine malipo ya kila mwaka kwa kila mtu. Unajua ni shilingi ngapi mpaka leo? Dola 5. Kwa mwaka. Kila kiangazi maafisa wa serikali wanakuja na meza, watu wanapanga foleni wanapewa noti ya dola tano, haijapanda tangu 1875. Watu wanaipokea kwa heshima maana ndio ushahidi kwamba mkataba upo hai. Kule kaskazini mwa Ontario ilikuwa dola 4, wakaenda mahakamani wakasema ardhi yetu imetoa madini na mbao za mabilioni na nyie mnatupa dola nne, 2023 serikali kuu na ya jimbo wakakubali kulipa bilioni 10 kwa kundi moja la Robinson Huron. Huo ni mpangaji analipa kodi ya nyumba aliyolimbikiza miaka 150.

Sasa la kwamba tumekuja juzi. Nikwambie kitu kuhusu bomba la jikoni kwangu. Maji ya Winnipeg yanatoka Shoal Lake, mpakani na Ontario, yanakuja kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 150 uliokamilika 1919. Ili maji yaje masafi wakachimba wakaweka tuta, na jamii ya Shoal Lake 40 ya Waanishinaabe ikajikuta imebaki kisiwani, kisiwa cha kutengenezwa na binadamu. Kiangazi walikuwa wanavuka kwa kivuko, majira ya baridi wanatembea juu ya barafu, na ile miezi ambayo barafu haijakaza wala haijayeyuka mtu akiumwa hakukuwa na pa kupita, kuna waliozama. Kuanzia 1997 wao wenyewe wakawa wanachemsha maji maana hawakuwa na mtambo, wakati sisi mjini tunaoshea magari maji ya ziwa lao. Barabara wameipata 2019, mtambo wa maji Septemba 2021. Zaidi ya miaka 100 tangu mfereji ujengwe.

Mimi nimefika nikakuta bomba linatoka, nikafungua nikanywa. Sikuchimba mfereji. Lakini nakunywa. Hapo ndo nilipo mimi na ndo ulipo wewe kaka, kila mji wa huku una Shoal Lake yake.

#8 mchapakazi_ON

Aisee. Hilo la maji sikuwa nalijua kabisa, wala la dola tano. Nimekuelewa mkuu. Bado nina maswali kuhusu pesa zinavyotumika zikishafika ila nitayaweka baadae nikishasoma zaidi.

#9 dada_wa_uangalizi

Mimi nafanya kazi ya kulea wazee, sitaji wapi. Tunao wazee wenyeji ambao walipita kwenye hizo shule. Kuna mmoja ukimwambia ni saa ya kuoga anaganda, anashika kitanda. Mwanzo wafanyakazi waliona ni ukaidi. Binti yake ndio akatueleza kwamba kule shule walikuwa wanapangwa mstari, wanapewa namba, wanaogeshwa kwa kengele. Sasa jengo letu lina ratiba, lina kengele, lina korido ndefu. Kwake yeye amerudishwa shule. Nikaanza kumuuliza "mama, leo ungependa kuoga saa ngapi?" nikimuita kwa jina lake, na nikamwachia yeye ashike sabuni. Tunaelewana sasa vizuri tu, juzi kanifundisha kusema asante kwa lugha yake. Sina cha kuhesabu mimi ila nilitaka wanaofanya kazi kama yangu wajue hilo, maana tuko wengi Waswahili kwenye hii kazi.

#10 mtoto_wa_kivu

Jambo bandugu. Mimi nimetokea Uvira, nilipita kambi ya Nyarugusu mbele ya kufika huku. Sisi tunajua maana ya makaburi bila majina. Naomba mleta uzi aseme juu ya Kamloops, maana kwenye mitandao kuna watu wanasema ati ilikuwa uongo, hakuna mwili hata moja. Vijana wetu wanazisambaza hizo video bila kufikiri.

#11 mzaramo_wa_winnipeg

@mtoto_wa_kivu karibu sana ndugu yangu, umeleta jambo zito na lazima tuliseme kwa usahihi.

Mei 2021 jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc kule Kamloops walitangaza kwamba rada ya kupima chini ya ardhi imeonesha yanayodhaniwa kuwa makaburi 215 kwenye eneo la shule ya zamani, baadae mtaalamu akasema ni kama 200. Rada inaonesha udongo uliowahi kuchimbwa, haioneshi mwili, na hapajafukuliwa. Kufukua au kutofukua ni uamuzi wao, ni mazishi ya watoto wao. Vyombo vya habari vingine vilikimbilia kuandika mambo ambayo jamii yenyewe haikuyasema, na hapo ndo wakanushaji wamepata mlango.

Lakini sikiliza, vifo vya watoto havitegemei rada. Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano kiko hapa Winnipeg, chuo kikuu cha Manitoba, kina orodha ya majina ya watoto zaidi ya 4,100 waliokufa, yametolewa kwenye nyaraka za serikali na makanisa yenyewe. Kifua kikuu, njaa, moto, wengine walitoroka wakafa kwa baridi njiani. Mwaka 1907 daktari wa serikali yenyewe, Peter Bryce, aliandika ripoti kwamba watoto wanakufa kwa wingi mno kwenye hizo shule, wakubwa zake wakaipuuza. Walijua. Vijana wakikutumia hizo video waulize tu, hayo majina 4,100 nayo ni uongo?

#12 binti_pemba_toronto

Mtoa mada mbona unasema mabaya tu, hakuna zuri lolote? Manitoba si ndio mmepata kiongozi mwenyeji? Na Mary Simon, Inuk (yani mtu wa Inuit), akateuliwa kuwa Gavana Mkuu 2021. Tusiwakatishe watu tamaa, kuna hatua zimepigwa, mimi naziona.

#13 mzaramo_wa_winnipeg

@binti_pemba_toronto uko sahihi dada na nashukuru umelisema. Nitaje ninayoyaona ni hatua za kweli.

Wab Kinew, Muanishinaabe, aliapishwa Oktoba 2023 kuwa waziri mkuu wa Manitoba, wa kwanza kutoka Mataifa ya Kwanza kuongoza jimbo lolote. Na ile kampeni ilikuwa na jambo la kuumiza ndani yake. Wanawake wenyeji waliuawa hapa mjini na polisi wakasema miili ya wawili ipo kwenye dampo la Prairie Green, ila serikali ya jimbo ya wakati ule ikakataa kugharamia kuitafuta, ikasema ni hatari kwa wafanyakazi, na kwenye uchaguzi chama tawala kikaweka hadi mabango ya kujisifia kusimamia msimamo huo. Familia zikapiga kambi, zikasimama kwenye baridi, hazikuondoka. Serikali ikabadilika, utafutaji ukaanza Desemba 2024 na mapema 2025 wote wawili wakapatikana. Wakazikwa na watu wao. Ukiniuliza maridhiano yanafananaje, nakuonesha hilo dampo, watu wamevaa mavazi ya kinga wanachambua takataka kwa mkono tani baada ya tani kwasababu binti wa mtu yupo humo.

Haida Gwaii pia, visiwa vya magharibi, 2024 British Columbia ikatambua kwa sheria kwamba ardhi yote ile ni ya Wahaida, na Februari 2025 serikali kuu nayo ikasaini. Hiyo sio hotuba, hiyo ni hati. Na hapa Winnipeg kuna kambi ya zamani ya jeshi, Kapyong, ilikuwa imefungwa tangu 2004, mataifa ya Mkataba namba 1 yakashinda kesi baada ya kesi, leo ni Naawi-Oodena, rizevu ndani ya jiji, na wao wenyewe ndo wanaoamua nini kijengwe.

Maji nayo, Novemba 2015 yalikuwepo matangazo ya muda mrefu 105 ya kuchemsha maji kwenye rizevu, waziri mkuu Trudeau akaahidi yataisha yote ifikapo Machi 2021. Tangu hapo zaidi ya 140 yameondolewa, maana mengine yalikuwa yanaongezeka njiani. Ni kazi kubwa, nakubali. Ila tarehe ilipita, na mpaka 2025 yalikuwa yamebaki zaidi ya 30. Neskantaga kaskazini mwa Ontario wanachemsha maji tangu Februari 1995. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule leo ana miaka zaidi ya 30 na hajawahi kunywa maji ya bomba la kwao.

Alafu kila tukipanda ngazi mbili kuna kitu kinatushusha moja. Juni 2025 serikali ya waziri mkuu Carney ilipitisha haraka haraka ile sheria ya C-5 ya kuharakisha miradi mikubwa, mabomba ya mafuta na migodi, machifu wengi wakalalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na hii ni nchi iliyopitisha 2021 sheria ya kuheshimu Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, azimio ambalo ndani yake kuna kupata ridhaa yao kabla. Ndo maana nasema tusiangalie sheria ngapi zimesainiwa, tuangalie siku pesa ikija je zinakumbukwa?

#14 msafiri254

Hapo kwa dampo nimenyamaza kwanza. Asante mkuu. Nitaitafsiria wazee wa huku hiyo ya Haida, waone inawezekana.

#15 mwalimu_wa_jumamosi

Assalaam alaykum na habari za jioni kwa wote. Mimi nasaidia wenzetu kujiandaa na mtihani wa uraia, tunakutana Jumamosi, wengi ni kina mama wa Kisomali na Kibajuni na Wakongo. Tunatumia kile kitabu cha serikali. Sasa nimesoma uzi huu nimerudi kukifungua, habari ya shule za bweni ni kijiaya kimoja tu. Ni mimi sioni au ndivyo kilivyo?

#16 mzaramo_wa_winnipeg

@mwalimu_wa_jumamosi waalaykum salaam mwalimu, wewe ndo nilikuwa nakusubiri kwenye huu uzi.

Ndivyo kilivyo. Kile kitabu ni cha 2009, marekebisho yake 2012, yani kimeandikwa kabla tume haijamaliza kazi. Kina aya moja, na kinasema shule ziliendelea mpaka miaka ya 1980 wakati za mwisho zimefungwa miaka ya 1990. Tume iliona hilo. Katika mambo 94, mawili ya mwisho kabisa yanatuhusu sisi wageni: namba 93 inataka kitabu na mtihani vibadilishwe vieleze historia ya wenyeji, mikataba na shule za bweni, namba 94 inataka kiapo kibadilishwe. Kiapo kilibadilishwa Juni 2021, sasa tunaapa kufuata sheria za Kanada pamoja na katiba inayotambua haki za asili na za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis. Kitabu kipya kikaahidiwa na mawaziri kadhaa, na hadi 2025 watu walikuwa bado wanasomea kilekile cha zamani.

Yani mama anasimama mbele ya bendera anaapa kuheshimu mikataba ambayo hakuna aliyemfundisha ni mikataba gani. Kwa hilo simlaumu mama, nailaumu serikali, maana kuongeza mstari kwenye kiapo ni rahisi, kumfundisha mtu ukweli ndo kazi.

#17 mwalimu_wa_jumamosi

Sasa nifanye nini na darasa langu, maana kitabu kipya sitakisubiri. Kina mama wengine Kiingereza bado kinasumbua.

#18 mzaramo_wa_winnipeg

Usisubiri mwalimu. Mimi ningeanza na mkataba wa pale mlipo, jua ni namba ngapi, mwaka gani, na mataifa gani yalisaini, chapisha ramani ibandike ukutani. Alafu somo zima liwe la shule za bweni kwa Kiswahili, soma mwenyewe muhtasari wa ripoti ya tume uko bure mtandaoni, wasimulie. Kina mama waliokaa kambini hawatahitaji maelezo mengi kuhusu mtoto kutenganishwa na mama. Na stori ya Jordan River Anderson usiiache, mtoto wa Norway House hapa Manitoba, alizaliwa na ugonjwa mgumu, madaktari wakasema anaweza kwenda kuishi nyumbani, serikali kuu na ya jimbo zikabishana nani alipe gharama za huko nyumbani, akafa hospitalini 2005 ana miaka mitano bila kulala hata usiku mmoja kwao. Kanuni inayobeba jina lake inasema mtoto ahudumiwe kwanza, wabishane bili baadae. Hiyo wataielewa wote.

Kwa mtihani wenyewe wajibu kama kitabu kinavyosema wasije wakafeli, ila waambie ukweli ni upi.

Na kama kuna mzee mwenyeji au kituo chao jirani, nenda uwaombe waje, usiende mikono mitupu, huku desturi kwa mataifa mengi ukimuomba mzee jambo unampelekea tumbaku, waulize kwanza taratibu zao maana hazifanani. Na mtu akija mlipe nauli na muda wake.

#19 mama_watatu_edmonton

Mwalimu mimi nikimuomba yule bibi wa kanisani aongee na darasa lako kwa video unaonaje? Nitakuwa nae kutafsiri. Hajakubali bado, nitamuuliza Jumapili baada ya misa.

#20 mwalimu_wa_jumamosi

Muulize mama, na akisema hapana tusimsukume. Tunaanza saa nne asubuhi kwa saa za huko kwenu. Nitawaambia kina mama waandae maswali, na la kwanza nitaliuliza mimi mwenyewe, kama faili zake ameshazipata.